Leseni Aliyoirudisha Mchungaji

Mwanangu Lezanne alifunga ndoa mwezi Septemba mbele ya watu mia mbili na kumi, na mimi nilimlisha kila mmoja wao. Mei iliyofuata, msichana wa dirisha namba nne katika Ofisi ya Mambo ya Ndani hapa Upington aligonga kibodi mara mbili tatu, akatazama skrini, akasema, "Mama, huyu hajaolewa."

"Ana mimba ya miezi sita," nikamwambia.

"Hilo halimo kwenye mfumo."

Tulikwenda kuchukua cheti cha ndoa cha serikali, jambo la nusu saa. Mkwe wangu Marlin ni muuguzi, na alikuwa amepata kazi hospitalini huko Ireland. Faili la viza la mke lilitakiwa kuingia pamoja na la mume kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ijumaa hiyo ikipita, Marlin ataondoka peke yake Juni, Lezanne atasubiri mwaka mzima, na mtoto atazaliwa baba yake akiwa kwenye simu.

Lezanne akatoa kwenye mkoba cheti tulichopewa kanisani. Karatasi nene, utepe mwekundu, muhuri wa dhahabu, sahihi ya Mchungaji Attie Maasdorp. Yule msichana akakigeuza akatazama nyuma, kama mtu anayetafuta tarehe kwenye kopo la samaki.

"Kizuri," akasema. "Ila si chetu. Mchungaji wenu hana leseni ya kufungisha ndoa. Alikuwa nayo, ikarudi Februari mwaka jana."

"Mlimnyang'anya?" Lezanne akauliza.

"Hapana, dada. Aliileta mwenyewe, nilikuwepo. Aliiweka hapahapa akatusomea barua ndefu. Watu wa foleni wakapiga makofi, walidhani anastaafu."

Nikauliza kama wao wenyewe wanaweza kuwafungisha. Wanaweza, lakini nafasi zimejaa hadi katikati ya Juni. Akaniandikia majina ya wachungaji watatu wa mjini wenye leseni, nami nikayakunja nikayatia kwenye pochi. Mimi ni karani wa shule ya msingi kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, nina diploma ya uendeshaji wa ofisi, na nimejifunza kutofautisha msiba na fomu iliyokosekana. Hii ilikuwa fomu iliyokosekana.

Nyumbani nilimkuta mume wangu, Dawid, anamwagilia mizabibu yake mitatu. Dawid ni mzee wa kanisa, mjumbe wa baraza la wazee.

"Mchungaji alirudisha leseni yake ya ndoa," nikamwambia. "Ulijua?"

Akaendelea kumwagilia mzabibu uleule mpaka maji yakamfika viatuni.

"Dawid."

"Lilipita barazani."

"Lilipita barazani, na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Tulipiga kura. Lilikuwa suala la kiimani, Sarita. Kuhusu ile sheria ya wanaume kuoana. Alisema tusitumikie dola inayodharau ndoa."

"Na Septemba ukamsindikiza mtoto wako hadi madhabahuni kwa mtu asiye na leseni?"

"Sikuunganisha hayo mawili."

Kusema kweli, namwamini. Dawid anaweza kuinua mkono kwa jambo na asijue mkono umekwenda wapi. Lakini siku ile nilifunga bomba kwa nguvu, nikachukua ufunguo wa gari.

Mchungaji Maasdorp si mtu mbaya. Alimzika baba yangu, na nilipofanyiwa upasuaji wa nyongo alikuja hospitali kila siku, hata siku nilizotamani asije. Tatizo ni kwamba tangu sheria ile ipite, yeye anasubiri polisi. Kila Pasaka anatuambia huenda ikawa ya mwisho kabla milango ya kanisa haijafungwa. Miaka saba sasa milango iko wazi. Mmoja una bawaba iliyovunjika, nami nimeliandikia baraza barua nne kuhusu bawaba hiyo.

Alinikaribisha ofisini. Nilipomweleza, hakushtuka.

"Dada Sarita, mbele za Mungu wale ni mke na mume."

"Mbele za Mungu sina wasiwasi. Lakini faili haliendi kwa Mungu, linakwenda Ireland."

"Wangetulazimisha kufungisha ndoa za wanaume kwa wanaume."

"Nani?"

"Sheria."

"Sheria nimesomewa leo dirishani. Mchungaji wa kanisa halazimishwi kufungisha ndoa asiyoitaka. Imeandikwa. Hebu niambie, ni wangapi wamekuja kukuomba?"

"Bado hawajaja."

"Miaka saba, Mchungaji."

"Ndivyo wanavyofanya. Wanangoja tulale."

"Mimi katika mji huu najua ndoa moja tu ya aina hiyo, ya wale wanawake wawili wa duka la mbegu. Walifunga palepale Mambo ya Ndani Jumatano asubuhi, saa tano walikuwa wameshafungua duka. Hawakutuomba hata kiti."

"Kwa hiyo unawatetea."

"Simtetei mtu. Mimi naamini ndoa ni ya mume na mke. Niliamini hivyo kabla ya sheria, naamini hivyo leo, na nitasema hivyo yeyote akiniuliza. Hakuna aliyekuja kunifunga mdomo. Mama yangu alisimama barabarani mwaka sitini na saba akaangalia kanisa lao likivunjwa na tingatinga kwa sababu mtaa ulitangazwa kuwa wa wazungu. Mzee wa kanisa aliyekataa kutoka alipigwa mbele ya wanawe. Hayo ndiyo mateso, Mchungaji. Na huko kaskazini mwa bara hili wapo waumini wanaochomwa moto ndani ya ibada. Wewe ulipeleka leseni yako mwenyewe ukapigiwa makofi."

Nilidhani nimemkamata. Kumbe nilikuwa nimemwagia petroli. Macho yakamng'aa.

"Umenena. Wao walikuwa na zamu yao, sasa ni yetu. Unaona Mungu anavyopanga? Wanandoa Wakristo, mtoto yuko tumboni, serikali inawanyima cheti! Jumapili anakuja mtangazaji wa redio kutoka Kimberley. Nilikuwa sina ushuhuda wa kumpa. Lezanne asimame, aseme."

"Serikali haijamnyima kitu. Wewe ndiye—"

"Usiogope, dada."

"Siogopi, Mchungaji. Nina siku tisa."

Alisimama akaniombea. Nilifumba macho kwa adabu, huku nikihesabu siku za kazi.

Kufika nyumbani kwa Lezanne nikakuta Mchungaji ameshanitangulia kwa simu. Mwanangu alikuwa amekaa jikoni, miguu imevimba, ameiweka kwenye beseni la maji, na simu inalia kila dakika. Kina mama wa kwaya wanamtumia sala. Mmoja alimwita shujaa wa imani. Marlin alikuwa anaosha vyombo.

"Jumanne," nikasema. "Mchungaji Seekoei wa Wamethodisti ana leseni, nimeshampigia. Saa nane mchana, dakika ishirini. Mimi nitaomba ruhusa kazini."

"Siendi, Mama."

"Huendi wapi?"

"Nikienda kwa mchungaji mwingine, nitakuwa nimesema ile ya Septemba ilikuwa maigizo. Niliapa, Mama. Mchungaji anasema kuapa tena ni kukana kiapo cha kwanza."

"Mchungaji anasema mengi."

"Mimi namwoa hata kila wiki, Mama," Marlin akasema, mgongo wake ukiwa kwetu. "Namwambia tangu mchana. Ananiangalia kama nimemtukana."

"Na usipokwenda?" nikamuuliza Lezanne.

"Nitakuwa nimesimama imara."

"Utakuwa umesimama imara hapa Upington, mume wako yuko Ireland, na mimi ndiye nitakayekushika mkono chumba cha kujifungulia. Mara ya mwisho nilipoingia chumba kile nilizimia."

Hakucheka, akaanza kulia. Nilijua machozi yale ni ya kweli. Lakini namjua mwanangu, na niliona kitu kingine vilevile. Lezanne ana miaka ishirini na sita, na maisha yake yote amekuwa yule msichana mpole anayefundisha watoto wa shule ya Jumapili na kufagia baada yao. Hakuna aliyewahi kumwita shujaa. Kila simu ilipolia aliitazama upesi. Nilitaka kuitia ile simu kwenye beseni.

"Nisikilize," nikamwambia. "Mtu akikutesa kwa imani yako, nitasimama na wewe. Nitalala mlangoni kwako. Lakini hapa hakuna mtesaji. Nimemtafuta tangu saa nne asubuhi, simwoni. Nimemwona msichana mmoja wa dirishani aliyenipa majina matatu bila kuombwa."

"Mama haelewi mambo ya rohoni," akasema, akimwambia Marlin, si mimi.

Nikaenda nyumbani. Siku tatu zilizofuata nilipika, nilifua, niliandika orodha ya madaftari ya darasa la tano, na sikumpigia. Jumamosi Dawid aliniomba nisiseme lolote kanisani. "Kwa ajili yangu," akasema. Nikamwahidi.

Jumapili kanisa lilijaa hadi kwenye viti vya plastiki. Mtangazaji alikaa mbele na kipaza sauti chenye sifongo, kijana mstaarabu mwenye viatu vipya. Mchungaji alihubiri dakika arobaini juu ya mateso, na alihubiri vizuri, siwezi kumnyima. Wanawake walilia. Kisha akamwita Lezanne.

Alitembea polepole, mkono mmoja kiunoni. Akapokea kipaza sauti.

"Naitwa Lezanne Titus," akaanza. "Au Olyn. Sijui. Kwenye mfumo bado ni Olyn, jina la baba."

Akatazama watu, akatazama karatasi aliyoandikiwa, kisha akanitazama mimi. Hakuwa shujaa wa mtu yeyote pale. Alikuwa mtoto wangu aliyepotea sokoni.

Nikasimama. Dawid akanivuta sketi, nikambandua vidole kimoja kimoja.

"Mchungaji, niwie radhi. Nina swali moja tu la kikarani. Leseni yako ilichukuliwa na nani?"

"Dada Sarita, kuna wakati wa kila—"

"Jina tu, Mchungaji. Redio isije ikakosea."

Mchungaji wetu ni mkaidi, lakini si mwongo, na hilo nilikuwa nimelitegemea.

"Niliirudisha mimi mwenyewe," akasema. "Kwa dhamiri."

"Asante."

Nikakaa. Mbele za Mungu wangu nilikusudia iishie hapo. Lakini mstari wa tatu akanyanyuka Bibi Bettie Jaarsveld, miaka sabini na mmoja, na ile kofia yake ya zambarau.

"Attie, hebu subiri kidogo, mwanangu. Mimi na Koos ulitufungisha wiki ya Pasaka mwaka huu."

"Ndiyo, Bibi Bettie."

"Ukiwa na leseni au huna?"

Mchungaji akashika kingo za mimbari.

"Kwa hiyo huyu ni nani yangu?" Bibi Bettie akamwonyesha mzee aliyekaa kando yake.

"Ni mimi, Bettie," mzee Koos akasema.

"Nyamaza, Koos. Hebu sogea huko kwanza." Watu wakaanza kucheka, yeye hakucheka. "Wiki sita! Wiki sita nalala na mwanamume wa watu, kwa umri huu! Na wewe, Attie, kila Alhamisi unakuja kunywa chai yangu na kula maandazi yangu, unatuita bwana na bibi Jaarsveld!"

Kutoka nyuma kijana mmoja akapaza sauti, "Na sisi wa Novemba?" Mwanamke mwingine akauliza habari za dada yake. Mtangazaji akakishusha kipaza sauti chake taratibu, akakiweka juu ya magoti.

Mchungaji aliinua mikono. "Wapendwa! Dola hii—"

"Attie."

Sauti ilitoka kwenye kinanda, na haikuwa kubwa. Alikuwa Elna, mke wake. Katika miaka kumi na tisa sijawahi kumsikia Elna akiongea ibadani.

"Attie," akasema tena. "Na Janine?"

Janine ni binti yao wa pekee. Baba yake alimfungisha ndoa Desemba, kwenye zulia lilelile la madhabahuni, na hivi sasa anaishi Windhoek na yule mume, mtoto njiani.

Niliyaona yanamfika Mchungaji. Yalianzia machoni, yakashuka. Ningependa kusema nilifurahi, lakini sikufurahi hata kidogo. Mtu huyu alikesha miaka saba akilinda mlango wa mbele, na kila mwenye kuumia aliumia kwa mkono wa mlinzi mwenyewe, ndani ya nyumba.

"Sikufikiria, Elna," akasema.

"Hukuniambia hata mimi."

"Lilikuwa siri ya baraza."

Nikamgeukia Dawid. Alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo, ukurasa wa yaliyomo.

Lezanne bado alikuwa amesimama pale mbele. Nadhani alisahau kipaza sauti kinafanya kazi, kwa sababu aliuliza kwa sauti ndogo, kama wako wawili tu.

"Mchungaji, siku ile ulipotusainisha kile kitabu. Ulijua?"

"Nilijua leseni sina. Niliona kitabu chetu kinatosha."

"Ungetuambia. Tungekwenda ofisini Ijumaa tukaandikishwa, na Jumamosi tungekuja kwako vilevile. Nguo ileile, watu walewale. Wewe ndiye niliyetaka unifungishe." Akavuta pumzi. "Mimi sijateswa na mtu. Nimefichwa ukweli."

Akakirudisha kipaza sauti mahali pake, akashuka. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Marlin akakaa, akavua viatu.

Jumanne saa nane kasoro dakika tano tulikuwa katika chumba cha nyuma cha Mchungaji Seekoei, mtu mwembamba mwenye mafua, meza imejaa vikombe. Lezanne alivaa gauni lake la kazini. Marlin alivaa suti ya Septemba, nikamwambia amekosea, siku ya kazi hii, akaniambia, "Mama, niache."

Kabla hawajaanza Lezanne akainua mkono kama mwanafunzi.

"Nauliza. Nikisema leo 'nakubali,' je, nakuwa nimefuta ile ya kwanza?"

Mchungaji Seekoei akapenga kamasi, akafikiri. "Mwanangu, mimi sina kifutio. Kama uliahidi Septemba, uliahidi, na Mungu alisikia. Leo unasema tena, na kuna mtu mwenye leseni wa kuandika."

"Basi," Lezanne akasema.

Septemba alikuwa ametamka kiapo chake wazi kabisa, kama anasoma tangazo. Safari hii, alipofika kwenye shida na raha, sauti ilimkatika, akaanza upya, ikamkatika tena. Marlin akamshika viwiko vyote viwili. Mimi nilitazama saa, kwa sababu Mambo ya Ndani wanafunga saa tisa na nusu, na kwa sababu nisingetazama saa ningelia.

Mimi na Dawid tulisaini kama mashahidi. Fomu niliibeba mimi, mkononi, nje ya pochi. Sikumruhusu mtu mwingine aiguse.

Ofisini tulimkuta Mchungaji Maasdorp kwenye benchi, Elna kando yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alikuwa na fomu ya kuomba leseni upya, hajaandika hata jina. Bibi Bettie alikuwa mbele yao na Koos, wanaomba tarehe. Alimwachia Koos benchi, yeye akasimama upande wa pili wa mlango, mpaka mambo yatengenee, akasema.

"Watasema nimesalimu amri," Mchungaji akaniambia.

"Waache waseme. Wewe jaza kwa herufi kubwa, na hapo kwenye sababu ya kurudisha usiandike hotuba. Nafasi ni mistari miwili."

Akatabasamu kidogo, kwa uchungu. "Bado nasema sheria ile si sawa, Sarita."

"Hata mimi. Nani kakukataza kusema? Sema Jumapili, sema redioni. Lakini andika."

Saa tisa na dakika kumi fomu yetu iligongwa muhuri, na cheti kifupi kikatoka kwenye mashine kikiwa bado cha moto. Alhamisi faili la Lezanne liliingia pamoja na la Marlin.

Jioni ile ya Jumanne, tukirudi nyumbani, Dawid ndiye aliyeendesha. Hakuwasha redio. Alipita mzunguko wa kwanza, akapita wa pili.

"Umekasirika," akasema.

"Nimechoka, Dawid. Kwenye lile baraza mko wanaume saba. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, tukiirudisha, nani atawafungisha watoto wetu?"

"Hakuna."

"Basi ama utoke barazani, ama uwe unasoma mnachopigia kura."

Akaendesha mpaka taa nyekundu.

"Nitakuwa nasoma," akasema.

"Kwa sauti," nikamwambia. "Jikoni. Mimi nikiwepo."